Kiti cha barazani kinacheza, kinapasuka au kinaoza? Tafuta chanzo kwanza

Kiti cha mbao ulichojitengenezea mwenyewe kikiwa kipya hakina neno, kimenyooka, kinang'aa, kila anayepita anakisifia. Mambo yanaanza kujitokeza masika yakishapiga na jua likafuata. Hapo ndo unaona mguu unacheza, kibao kimejikunja, rangi inabanduka, na wengi wanakimbilia kuongeza skrubu na gundi, afu baada ya muda tatizo ni lilelile kwa sababu chanzo hakijaguswa. Naandika hii kwa mtu anayejitengenezea viti vya barazani nyumbani kwake, ana msumeno, randa, drili ya kawaida na moyo wa kujifunza, nitaenda dalili kwa dalili. Ila kitu kimoja nakisema mapema maana kitajirudia karibu kila mahali: adui wa kiti cha nje ni maji. Kabla hujashika bisibisi jiulize maji yanaingilia wapi na yakishaingia yanatokea wapi. Baraza kuwa na paa hakutoshi, mvua ya upepo inaingia, sakafu inapigwa deki kila siku, na kwa sisi wa pwani hewa yenyewe imebeba unyevu na chumvi.

Jua kwanza ni mbao gani

Bila kujua hili utakosea dawa. Wengi tunatumia paini maana ndo inapatikana kila mahali, zile mbao za Mafinga na Njombe, nyingine zinatoka shamba la Sao Hill kule Mufindi. Paini ni laini, inarandika vizuri, msumari unaingia bila ugomvi, lakini nje bila dawa haina maisha, mchwa wanaipenda na ikilala na maji inaoza. Ya dawa, ile ya kijani kijani, inavumilia sana. Saiprasi ina nafuu kuliko paini kwenye kuoza. Mtiki wa Longuza kule Muheza au wa bonde la Kilombero ndo mwenyewe kwa kazi ya nje, una mafuta yake ya asili. Mninga, mkongo na mvule nazo zinastahimili vizuri sana.

Sasa hapa watu wanaumia: ustahimilivu wote huo uko kwenye kiini, ile sehemu ya ndani yenye rangi iliyokolea. Weupe wa pembeni wa mninga au wa mtiki unaliwa na wadudu na unaoza kama mbao yoyote dhaifu. Unaweza ukalipia bei ya mninga ukapewa nusu kiini nusu weupe, kiti kikaliwa upande mmoja ukabaki unajiuliza mbona mninga umeoza. Geuza kila ubao pande zote kabla hujalipa. Kama lazima utumie wenye weupe, weka weupe sehemu za juu, usiuweke kwenye miguu.

Na ubichi nao ucheki mwenyewe, usisikilize maneno ya "imekauka hii". Kata kipande kidogo katikati ya ubao, sio mwishoni maana mwisho hukauka mapema, kipime kwenye mzani wa jikoni, andika, kiweke kivulini penye upepo, kipime tena wiki ijayo. Kama bado kinapungua uzito, mbao zako bado mbichi. Mbao huanza kusinyaa unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, kwa kiti cha nje unataka uwe umefika karibu 15 ndo uanze kuunga. Panga mbao kivulini, kila tabaka litenganishwe na vijiti vya unene mmoja, juu weka mzigo, na zisiguse sakafu.

Kiti kinacheza

Kuna kucheza kwa aina mbili na tiba zake hazifanani kabisa, kwahiyo usiguse kitu mpaka ujue yako ni ipi.

Ya kwanza, mguu mmoja unanyanyuka. Kabla hujaulaumu mguu, zungusha kiti robo duara palepale kilipo. Mguu unaonyanyuka ukiwa ni uleule, tatizo liko kwenye kiti. Ukiwa ni mwingine, tatizo liko kwenye sakafu, na sakafu za baraza nyingi zina mabonde madogo madogo ya saruji ambayo jicho haliyaoni. Kwa sakafu ya hivyo mguu haukatwi, unatafuta kituo kingine au unaweka kipande kigumu cha plastiki chini ya mguu.

Kama ni kiti, usifanye ule mchezo wa kupunguza mguu unaoonekana mrefu, utakata huu, kisha ule, mpaka kiti kinakuwa cha mtoto. Kipeleke kwenye sehemu iliyonyooka kweli, vigae vizuri au plaiwudi nene. Ingiza kabari ndogo chini ya miguu mpaka kitulie na kikalio kikae unavyotaka. Tafuta kibao chembamba chenye unene sawa na uwazi mkubwa kuliko wote chini ya mguu, kilaze sakafuni, laza penseli juu yake, afu izungushe kwenye kila mguu pande zote nne ukiwa hujaisogeza wala hujaiinamisha. Alama hizo zote ziko kwenye usawa mmoja wa sakafu hata kama miguu ya nyuma imelala. Kata kwa msumeno wa meno madogo kufuata mstari, malizia na msasa, punguza kidogo makali ya kona za chini ili kiti kikiburutwa mguu usipasuke. Nimesisitiza hii kwa sababu ni kazi ya nusu saa na ndo inayotofautisha kiti cha kutulia na kiti cha kukera.

Ya pili, miguu yote imekanyaga vizuri lakini ukishika egemeo ukalisukuma kulia na kushoto, juu kunakwenda na chini kumebaki. Hayo ni maungio. Lala chini uangalie huku mtu anakisukuma taratibu, utaona ni kiungo kipi kinafunguka, saa ingine utaona na mstari mweusi wa uchafu pale gundi ilipoachia.

Sababu ya kwanza ni ile ya ubichi, ulimi (ile ncha ya ubao inayochongwa iingie kwenye tundu la mguu) ulichongwa ukiwa umejaa tunduni, mbao ikakauka, ulimi ukasinyaa, sasa unacheza. Ya pili ni skrubu kuingizwa kwenye kichwa cha ubao, yaani pale nyuzi zinapoishia. Skrubu inataka ikate nyuzi kwa upande ndo inashika, ukiizamisha kwenye kichwa inapita katikati ya nyuzi na kila mtu akikaa inajichimbia tundu kubwa zaidi. Kuweka skrubu nene zaidi palepale kunakupa miezi michache tu. Ya tatu ni gundi. Gundi nyeupe ya kawaida ya fenicha za ndani ikilowa mara kwa mara inalainika na kuachia, kwa nje tafuta iliyoandikwa inavumilia maji au tumia epoksi. Ya nne, kiti hakina kitu chochote cha pembetatu, ni miraba mitupu, na mraba unalala upande bila ubishi.

Kurekebisha: fungua kiungo kabisa, kwangua gundi yote ya zamani mpaka uone mbao, maana gundi mpya haishiki juu ya gundi kavu. Ulimi uliosinyaa ubandike kipande chembamba cha mbao ileile pande zote mbili, uchonge tena mpaka uingie kwa kusukumwa na kiganja, sio kwa nyundo. Mtiki ufute kwanza kwa kitambaa chenye asetoni, subiri ikauke, upake gundi palepale, la sivyo mafuta yake yanaikataa gundi. Kabla haijakauka pima mshazari, kona ya kushoto mbele mpaka ya kulia nyuma, afu ile nyingine, vipimo viwili vikilingana kikalio chako kiko guniya, yaani hakijalala upande. Kisha kata vipande vinne vya pembetatu, vifunge ndani ya kona za fremu ya kikalio kwa gundi na skrubu. Pale mguu wa nyuma unapokutana na ubao wa pembeni wa kikalio weka bolti ya milimita 8 yenye washa pande zote mbili, kwa sababu pale ndo mzigo wote wa mtu anayeegemea unapoishia, na bolti faida yake unaweza kuikaza tena mwakani.

Mbao imepasuka

Angalia ufa umeanzia wapi. Ukianzia kwenye skrubu karibu na mwisho wa ubao, hukutoboa tundu la kuanzia au umeweka skrubu karibu mno na ukingo. Acha angalau sentimita 3, na kwa skrubu ya milimita 4 toboa kwa biti ya 2.5 kwenye paini, 3 kwenye mninga au mtiki. Mbao ngumu skrubu ipake nta ya mshumaa inateleza bila kukatika. Usipake sabuni, inavuta unyevu na skrubu inashika kutu ndani kwa ndani.

Ufa ukipita katikati ya ubao mpana, mara nyingi ubao umefungwa skrubu mbili zilizo mbali, moja ukingo huu nyingine ukingo ule, ubao unataka kusinyaa na skrubu zimekataa, basi unajipasua. Ubao wa inchi 6 wenye ubichi unapungua upana kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Tumia vibao vyembamba vya inchi 2 na nusu au 3, au tundu moja litoboe kubwa kidogo kuliko shingo ya skrubu ili mbao ipate nafasi ya kwenda na kurudi.

Nyufa ndogo ndogo za vichwani ni kukaushwa juani. Kichwa cha ubao kinapoteza maji haraka kuliko tumbo. Ukishakata tu, paka rangi au gundi kwenye vichwa siku hiyohiyo.

Ufa mfupi unatibika: toa skrubu kwanza, ingiza gundi, sukuma kwa uzi au kisu chembamba mpaka izame, bana kwa klampu, skrubu ihamishie pengine. Ufa uliopita mwisho mpaka mwisho kwenye mguu au kwenye ubao unaobeba kikalio usiubembeleze, badilisha kipande chote, hapo anakaa mtu.

Vibao vya kukalia vimejikunja, maji yanatuama

Tazama kichwa cha ubao, utaona mistari ya duara ya ukuaji wa mti. Mbao inapokauka mistari hiyo ni kama inataka kunyooka, kwahiyo upande uliokuwa unatazama gome unabonyea na upande uliotazama kiini unavimba. Ukiufunga ubao ambao haujakauka vizuri huku upande wa gome uko juu umejitengenezea bakuli la maji kwenye kikalio. Weka upande wa kiini juu, ukijikunja unakuwa mgongo na maji yanamwagika yenyewe.

Sababu nyingine ni rangi kupakwa juu tu, chini mbao ikaachwa wazi kwa kuwa haionekani. Chini inanyonya unyevu, juu haipokei kitu, upande mmoja unavimba mwingine umetulia, lazima upinde. Paka pande zote na idadi ileile ya mikono, yaani tabaka za rangi, paka KABLA hujaunga, maana ukishaunga hufiki tena kwenye maungio.

Na uwazi kati ya vibao uwe milimita 6 mpaka 10. Chini ya hapo majani na vumbi vinajaa, vinashika maji, na hapo ndo kuoza kunaanzia. Kama vimeshajikunja kidogo, vifungue, vigeuze, uvirande. Vikiwa vimejikunja sana usivilazimishe kwa skrubu, vitapasuka.

Rangi au vanishi inabanduka

Hii inakatisha tamaa kuliko zote maana mtu anakwangua anapaka, anakwangua anapaka. Soma namna inavyobanduka.

Ikitoa malengelenge, maji yalikuwa ndani ya mbao wakati unapaka, au yanaingia kutoka upande usiopakwa, jua likipiga yanataka kutoka yanainua rangi. Kuongeza mkono mwingine juu ni kuzidi kuyafungia. Kwangua mpaka mbao, acha ikauke kweli, tafuta mlango wa maji uuzibe, ndo upake.

Ikianzia vichwani na kwenye maungio inasonga katikati, vichwa havikushiba. Kichwa cha ubao kinakunywa maji mara nyingi zaidi kuliko uso wake, kwahiyo kinataka mikono miwili mitatu ya praima (rangi ya kwanza ya chini) peke yake, rudia mpaka uone hakinywi tena.

Vanishi ya kung'aa ikigeuka ya njano, ikapasuka pasuka na chini yake mbao ni ya kijivu, huyo ni jua. Vanishi isiyo na rangi mwanga unaipenya, unaua ngozi ya juu ya mbao, kile vanishi ilichokuwa imekishika kinakufa nayo inaachia hata kama yenyewe bado nzima. Na mara nyingi ukiuliza unakuta ni sendi sila na laka zilezile zinazopakwa makochi ya sebuleni, nzuri sana kwa sebuleni, nje hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa barazani tafuta vanishi ya nje yenye kinga ya jua, ya boti ndo nzuri zaidi, au paka rangi ya mafuta yenye rangi kweli, rangi nzito ndo kivuli kizuri kuliko vyote. Njia ya tatu ninayoipendelea kwa mtiki na mninga ni mafuta ya mbao, hayajengi ngozi kwa hiyo hakuna cha kubanduka, kiti kikianza kupauka unafuta vumbi, unapaka tena kwa kitambaa, unafuta yanayobaki juu.

Hapo kuna jambo la hatari naomba ulichukue kwa uzito. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani (linseed) au mafuta ya mbao yenye kitani ndani yake vikikunjwa vikatupwa kwenye kona vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke, au viloweke kwenye maji.

Ikibaki inanata wiki nzima, mkono ulikuwa mzito mno au siku ilikuwa ya unyevu. Paka myembamba, na kipindi cha masika acha kabisa kupaka kama unaweza kusubiri.

Miguu inaoza chini, au mchwa

Chukua bisibisi nyembamba, choma mguu kuanzia chini kwenda juu kila sentimita moja. Mbao nzima inakataa, iliyooza inapokea. Weka alama pale inapoanza kukataa, ongeza sentimita 5, hapo ndo pa kukata. Fangasi wa kuozesha wanahitaji unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi, kwahiyo mguu unaokauka vizuri kati ya deki na deki hauozi, mguu unaosimama kwenye kidimbwi unaoza hata ukiwa na rangi nzuri.

Wengi wanavalisha miguu vile vikombe vya mpira. Kwa ndani ni sawa, nje vinakusanya maji na kuyashikilia palepale kwenye kichwa cha mguu. Badala yake, kabla ya kuunga, simamisha miguu kwenye kopo lenye dawa ya mbao usiku kucha inyonye, ikikauka ziba kwa epoksi, afu chini pigilia kipande cha plastiki kigumu chenye unene wa milimita 5 kilicho kidogo kuliko mguu wenyewe, ili mguu uwe umeinuliwa na hewa inapita. Kama ni paini ya dawa ukishaikata lazima upake dawa tena kwenye kichwa kipya, maana dawa ya kiwandani haifiki mpaka katikati ya ubao sawasawa.

Paini hiyo ya kijani mara nyingi imetibiwa kwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Vaa barakoa ukikata na ukipiga msasa, nawa kabla ya kula, na mabaki yake yasiingie jikoni hata kidogo, moshi wake na majivu yake ni sumu. Mwambie na kila anayeokota kuni hapo nyumbani.

Mchwa wa ardhini utawajua kwa njia zao za udongo, zinapanda kwenye mguu au zinatoka kwenye ufa wa sakafu. Vunja njia, urudi kesho, zikiwa zimejengwa upya wapo kazini. Hawaishi kwenye kiti, wanatokea ardhini na wanahitaji unyevu wa huko, kwahiyo ukisogeza kiti umewakatia njia, ila walipotokea nako panataka dawa la sivyo wanahamia kwenye mlango. Ule mtindo wa kupaka oili chafu ya gari unafukuza wadudu kweli, kwenye nguzo za uzio sijui la kusema, lakini kwenye kiti HAPANA. Haikauki, inashika nguo, inagusa ngozi za watoto, na juu yake hakuna rangi itakayoshika tena.

Kuna unga chini ya kiti

Gusa huo unga. Ukiwa laini kabisa kama wa ngano na juu kuna vitundu vidogo vya mviringo, ni vibawakavu, wadudu wadogo wanaokula wanga wa ile sehemu nyeupe niliyoisema mwanzo. Ukiwa ni punje ngumu zinazobingirika kwenye kidole, ni mchwa wa mbao kavu, hawa pwani wapo na hawahitaji udongo, wanaishi humohumo ndani. Kwa vyote viwili kipande kilichoshambuliwa ukibadilishe kama kinabeba uzito. Vinginevyo ingiza dawa ya wadudu wa mbao kwa sindano kwenye vitundu, ziba kwa puti, paka rangi. Dawa za boraksi zinafanya kazi ila maji yanaziosha, bila rangi juu yake nje hazikai.

Madoa meusi yanayotiririka kutoka kwenye skrubu

Mtiki, mkongo na mbao nyingine za kiini cheusi zina tanini, kemikali ya asili ya mti, tanini ikikutana na chuma na maji inatoa weusi. Kupiga msasa peke yake hakusaidii, doa litarudi kwa kuwa chuma bado kipo. Toa skrubu zote za chuma cha kawaida, weka za stenlesi. Ukiwa karibu na bahari tafuta ile ya daraja 316, ya kawaida nayo inapata madoa ya kutu kwa chumvi. Doa lenyewe litoe kwa asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa kwenye maji, glavu mkononi, halafu suuza vizuri. Skrubu zilizopakwa zinki zinatosha kwa bara, pwani hazichukui muda.

Ule weusi wa bluu kwenye paini ni kitu kingine, ni fangasi wa madoa walioingia gogo likiwa bichi. Nguvu ya mbao haijapungua sana, rangi inafunika. Na paini ikitoa utomvu kwenye macho ya mbao ukapenya rangi, kwangua, futa kwa thina, paka shelaki juu ya jicho kabla ya praima. Basi.

Kiti kizima lakini hakikaliki

Hapa kiti kimesimama imara na bado hakuna anayekitaka, wote wanakimbilia cha plastiki. Ni vipimo.

Mapaja yanauma kwa chini: ukingo wa mbele uko juu mno au una kona kali. Kiti cha kawaida cha kukaa na kuongea, kikalio mbele kiwe sentimita 42 mpaka 45 kutoka chini. Kibao cha mbele kabisa kizungushie randa mpaka kiwe mviringo, hili peke yake linabadilisha kiti.

Unateleza kwenda mbele: kikalio kiko bapa. Nyuma kishuke kama sentimita 3 mpaka 5 kuliko mbele, na kina cha kikalio, mbele mpaka nyuma, kisizidi sentimita 45 hivi kwa kiti cha wima, ukizidisha watu wafupi mgongo haufiki kwenye egemeo. Egemeo lilale, pembe kati yake na kikalio iwe kama nyuzi 100 mpaka 110.

Kinataka kurudi nyuma: umelaza egemeo ukaisahau miguu. Teremsha uzi wenye kitu kizito kutoka ukingo wa juu wa egemeo mpaka chini, kituo cha mguu wa nyuma kisiwe mbele sana ya uzi huo. Kwa kiti kilichokwisha kutengenezwa, ongeza mbao ndefu ya kulala chini kila upande, iunganishe mguu wa mbele na wa nyuma na itokeze nyuma sentimita 10 hivi.

Wazee wanashindwa kuinuka: kikalio kiko chini au mikono ya kiti imeishia nyuma ya magoti. Mkono wa kiti ufike mpaka ukingo wa mbele, uwe sentimita 20 mpaka 23 juu ya kikalio, na uwe imara wa kubeba mtu anayejiinua kwa nguvu zote, hapo tena bolti. Kama nyumbani kuna bibi au babu, tengeneza kimoja cha sentimita 46 mpaka 48 kwa ajili yake, anakuwa na kiti chake na anakaa nje na wenzake.

Vipande havikubaliani na plani ya mtandaoni

Plani nyingi zinazozunguka ni za kile kiti cha Kimarekani kilicholala na chenye mikono mipana, kinaitwa Adirondack, asili yake ni kiti ambacho Thomas Lee alikibuni 1903 kule Westport, jimbo la New York, na hataza (haki ya ubunifu) akaichukua Harry Bunnell mwaka 1905. Kiti kizuri mno kwa kupumzika. Ila Mmarekani akiandika ubao wa moja kwa sita anamaanisha umesharandwa, kipimo halisi ni milimita 19 kwa 140. Wetu wa moja kwa sita ukiutoa dukani haujarandwa unaweza kuwa karibu na milimita 25 kwa 150, ukirandwa unabaki na wowote ule kulingana na fundi wa mashine. Ukifuata namba zake za nafasi na matundu bila kurekebisha, vibao vya egemeo vinazidi upana wa fremu na mikono haikai.

Kwahiyo randa mbao zote kwanza, pima unene na upana uliopata, na hizo ndo namba zako. Chora upande mmoja wa kiti kwa ukubwa wake halisi kwenye kadibodi au moja kwa moja kwenye sakafu kwa chaki, mguu, kikalio, egemeo, mkono. Kata kiolezo, ufuatishe pande zote mbili kutoka hicho kimoja ili kulia na kushoto visipishane. Kiti hicho kikalio chake kiko chini, mbele kama sentimita 35 tu, kwahiyo kwa wazee ongeza urefu wa mguu wa mbele na uinue na ule ubao wa nyuma kwa kiasi hichohicho, ukiinua mbele peke yake mtu atazama ndani na hatoki.